Sponji, betri na masikio yanayozunguka kinyume: maswali ya wapiga besi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu besi mpya zinazotoka kiwandani zikiwa zimevaa nguo za babu zao. Nimechagua zilizonifurahisha na zilizonikera. Mtajua zipi ni zipi.

Fundi, nimeona besi mpya dukani ina kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Muuzaji anasema hiyo ndiyo sauti ya zamani. Ni kweli, au ananiuzia godoro? – Bungoma

Anakuuzia godoro, ila godoro lenye ukoo. Mmarekani Leo Fender, mtengeneza magitaa, alipotoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951 aliwalenga wanamuziki waliochoka kubeba lile besi kubwa la kusimama. Noti ya besi lile hufa haraka: tup, imekwisha. Ya gitaa la umeme huendelea kulia mpaka uizime mwenyewe. Ndiyo maana ndani ya kifuniko cha kromu kilichokaa juu ya daraja kulibandikwa sponji ya kugusa nyuzi. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ya 1960 ilianza na vizimio, kimoja kwa kila uzi, na besi za kwanza za StingRay kutoka kiwanda cha Music Man, mwaka 1976, nazo zilikuwa navyo kwenye daraja. Baadaye watu wakataka mlio mrefu unaong'aa. Vifuniko vikafunguliwa, vingine vikageuzwa visahani vya majivu ya sigara, na sponji ikatupwa.

Imerudi kwa sababu ya studio. Noti fupi humwachia nafasi mpiga ngoma na mwimbaji, na fundi wa kurekodi halazimiki kusafisha matope baadaye.

Lakini usilipe zaidi kwa ajili yake. Mimi nilikata yangu kwa wembe kutoka godoro kuukuu la mtoto, upana wa vidole viwili, urefu wa kutosha nyuzi zote nne. Ichomeke karibu kabisa na daraja, kisha piga uzi wa E, ule mnene, bila kuukandamiza. Ikisema "tumm" na kuzima, umepata. Ikilia kama meza iliyopigwa konde, sponji ni nene mno, ipunguze. Na kama besi yako imepakwa rangi ya nitroselulosi, kama zile za kale, usiache sponji au mpira uigandamize miezi na miezi. Rangi hiyo hulainika na kunata, na hakuna polishi ya kuiponya.

Sasa ninyi wa benga, ambao najua mtakimbilia wembe: sikilizeni besi ya Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Noti zinarukaruka, kila moja inajua pa kuishia. Kujua huko ni kwa vidole. Sponji itafupisha noti zako zote sawasawa, hata ile uliyotaka iwe ndefu.

Besi gani ni bora? – wasomaji saba, miji mbalimbali

Hamkusema mna pesa ngapi, mnapiga muziki gani, wala mna amplifaya gani. Rudini na hayo matatu.

Besi yangu ya betri ilizimika katikati ya ibada. Mchungaji alidhani nimekasirika nikaacha kupiga. Nikinunua isiyo na betri, si nitakuwa nimerudi nyuma? – Nakuru

Kwanza nijibu wewe: Jumamosi baada ya mazoezi ulichomoa kebo kwenye besi? Nimekisia. Katika besi nyingi za aina hiyo hakuna swichi; ukichomeka kebo ndipo umewasha. Umeiacha imechomekwa, betri ya volti 9 imekesha ikiliwa peke yake sebuleni.

Kurudi kwenye besi isiyo na betri si kurudi nyuma. Precision ilipopata ile pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) iliyogawanywa vipande viwili mwaka 1957, ilibaki na nobu ya sauti na nobu ya toni, basi. Viwanda vinairudia hadi leo kwa sababu haina cha kuharibika katikati ya wimbo. Udhaifu wake ni kebo: ikiwa ndefu sana, ule ung'avu wa juu hupotelea njiani. Tumia kebo fupi, au pitia kwenye kisanduku cha DI, kinachoandaa mlio wa besi usafiri bila kufifia, kisha uende mbali utakavyo. Ukishindwa kuachana na betri, tafuta yenye swichi ya kuiruka, ili siku ikifa usiachwe ukimtazama mchungaji.

Na kwa kuwa umetaja kanisa, niseme ambalo hukuuliza. Mpigaji anafungua nobu ya sauti nzito hadi mwisho. Kijana wa mitambo anaongeza yake. Spika kubwa ya chini inaongeza yake. Mama aliyekaa safu ya mbele anatetemeka kifua na hawezi kutaja noti hata moja uliyopiga. Besi yenye nobu mbili haitawatibu nyote, lakini itapunguza idadi ya wakosaji.

Nimenunua besi yenye sura ya miaka ya 60. Nikikaza sikio, kile kishikio cha kichwani cha kukazia uzi, kama nilivyozoea, uzi unalegea. Nirudishe dukani? – Kondele, Kisumu

La. Masikio ya Fender za kale yalizunguka kinyume, na yamerudi na tabia zake. Wiki moja mkono utazoea. Usimruhusu mtu ayafungue "kuyageuza". Niliwahi kuletewa seti ndani ya bahasha, skrubu mbili hazipo.

Bendi yetu hupiga Kisumu Ijumaa na Nakuru Jumamosi. Shingo ya besi yangu haitulii, na sioni mahali pa kuirekebisha. – Ahero

Pako kwenye kisigino, shingo inapoingia mwilini, kama zamani. Sharti ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne, utoe shingo, uzungushe kidogo kile chuma cha ndani kinachonyoosha shingo, urudishe kila kitu, ukaze nyuzi, utazame. Umekosea? Anza upya. Hili ndilo jambo la kale ambalo lingeachwa lilale. Huko ziwani kuna joto na unyevu, Nakuru kuna baridi ya juu, na mbao hunywa unyevu na kuutema. Anayesafiri kama wewe anahitaji kurekebishia kichwani, au kwa kile kigurudumu kidogo mwishoni mwa shingo. Viwanda kadhaa hutoa sura ya zamani yenye urahisi huo. Uliza kabla ya kulipa. Robo mzunguko kwa mara moja, isizidi. Ukisikia inagoma, acha.

Binti yangu ana miaka 12 na anataka besi. Wanasema zile fupi ni za watoto. – Mama, Kakamega

Mama, besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles ni fupi, na hakuna aliyemwita mtoto. Besi ya kawaida ina inchi 34 kutoka daraja hadi kichwani, fupi ina takriban 30. Fender walitoa Mustang yao fupi mwaka 1966, na sasa zimejaa tena madukani. Mnunulie. Ila nyuzi ziwe za urefu huo. Uzi mrefu ukikatwa, ile sehemu nene huzungushwa kwenye sikio na hukatika hapo.

Besi iliyochakazwa makusudi kiwandani, inafaa? – Kisii

Panda nayo matatu miaka kumi. Ni bei nafuu.

Jazz Bass yangu inanguruma nikipunguza nobu moja, na midomo ikigusa maiki napigwa shoti. – Busia

Mngurumo ni kawaida: pikapu mbili za koili moja moja hufutiana kelele zikiwa zote juu. Shoti si kawaida hata kidogo. Waya wa ethi umekatika au haupo, kwenye soketi, kwenye amplifaya, au yule fundi mliyemwajiri ameung'oa ili plagi iingie kwenye soketi. Usipige tena ukumbini hapo mpaka fundi wa stima apime.

Nyuzi zangu laini, zile za utepe bapa, zimefifia baada ya miezi mitatu. Nizichemshe? – Nakuru

Usizichemshe. Hizo zimefika, ndipo zinaanza kufaa. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alijulikana kwa kuziacha mpaka zikatike. Za kukwaruza ndizo watu huchemsha, na hata hizo, tafuta sufuria yako mwenyewe.