"Ingekuwepo" au "ingalikuwepo"?

SWALI: Jambo mwalimu. Katika kundi letu la WhatsApp la mtaa, huku Himbi, Goma, umeletwa ujumbe: "Sayari Nibiru ingali mbali lakini inakuja kugonga dunia, matetemeko haya ndiyo dalili." Nikajibu: "Ingekuwepo, tungeiona." Jirani akanisahihisha, eti niandike "ingalikuwepo, tungaliiona". Nani yuko sawa? Na ile "ingali" ya ujumbe ni hiyohiyo ya jirani?

JIBU: Mama, uko sawa wewe. Kiambishi -nge- ni cha jambo la wakati huu ambalo msemaji haliamini. -Ngali- ni cha jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. Wewe unasema juu ya anga la leo. Na hoja yako ni nzito: sayari iliyobakiza miezi michache kutufikia ingeonekana kwa macho matupu, na uvutano wake ungekuwa umekwisha kuipotosha Mirihi njia yake. Neptuni ilipatikana hivyo mwaka 1846. Uranusi ilikuwa ikienda kombo, wanahisabati wakakokotoa mahali pa kitu kinachoivuta, darubini ikaelekezwa huko, ikaonekana.

Jirani naye hakukosa kila kitu. Uzushi huu ulianzishwa na Nancy Lieder wa Marekani, aliyedai kupewa habari na viumbe wa sayari nyingine, na tarehe ya kugongwa aliyoitaja ilikuwa Mei 2003. Ilipopita, watu wakauhamishia Desemba 2012, kisha Septemba 2017. Kwa tarehe hizo zilizokwisha, -ngali- ndiyo hasa: "Ingaligonga mwaka 2003, tungaliangamia sote." Wengine huandika -ngeli-, nayo yafaa, ila kiambishi ulichotumia katika kitenzi cha kwanza kirudiwe katika cha pili.

"Ingali" ya ujumbe ni nyingine kabisa. Maana yake ni "bado iko", kama tunavyosema jua lingali juu au mtoto angali mdogo. Haina sharti lolote ndani yake, na hapo ndipo penye hatari. Anayesoma "sayari ingali mbali" amekwisha kukubalishwa kwamba sayari ipo. Kilichobaki kwake ni kuuliza umbali. Hakuna aliyemwonyesha ushahidi.

Matetemeko ya Goma chanzo chake kiko chini ya miguu yetu: bonde la ufa linalopanuka, pamoja na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikaendelea kutikisika siku kadhaa, na sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Inaniuma kuona woga wa watu waliokimbia usiku ule wakibeba watoto na magodoro ukitumiwa kueneza uongo. Jambo linaloweza kutokea kweli hubeba -ki-, kama "ikilipuka", na volkano yetu ni ya -ki-. Mtu akiandika "Nyiragongo ingelipuka", anaifanya ionekane ya kufikirika tu, nayo si ya kufikirika.

Ukikanusha, andika "tusingeiona", si "hatungeiona", ingawa wengi husema hivyo.

Kundini warudishie hivi: "Nibiru ingekuwa inakuja, tungeiona. Nyiragongo ikilipuka, kila nyumba ijue itakimbilia wapi."