Jibu: West End Girls ya Pet Shop Boys, 1984 au 1985?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini santuri yako ya West End Girls, wimbo wa kundi la Kiingereza la Pet Shop Boys, imeandikwa 1984, wakati kila mtu anasema wimbo ulitoka 1985. Santuri yako huenda ni halali kabisa, maana kibao hiki kilirekodiwa na kutolewa mara mbili.

Kabla ya yote tazama lebo ya katikati. Ukikuta jina la Bobby Orlando kama prodyuza, hilo ni toleo la kwanza, la Aprili 1984, ambalo Uingereza lilitoka chini ya kampuni ya Epic. Kule halikufika popote, ingawa vilabu vya Marekani vililicheza. Ukikuta prodyuza Stephen Hague na kampuni ya Parlophone, hilo ni la Oktoba 1985, lililokaa namba moja Uingereza Januari 1986 na Marekani Mei mwaka huohuo.

Lebo ikiwa imechakaa, tumia masikio. La Hague linaanza na kelele za mtaani na nyayo za mtu anayetembea, kisha kinanda kinaingia taratibu. La Orlando ni la haraka zaidi na ngoma zake ni kavu. Mimi napenda la Hague, kwa sababu sauti ya mwimbaji wao, Neil Tennant, imepewa nafasi ya kupumua.

Bila kuona lebo siwezi kukuhakikishia ni lipi, kwa hiyo weka picha ya pande zote mbili. Na usiiuze kwanza!