Alfa ikizidi, acha kuvuta

Wadogo zangu, jana tena nilisimama nyuma ya kiti nikimtazama petit mmoja akizamisha F-16, ndege ya kivita ya simuleta yetu, Ziwa Kivu, joistiki kaivuta mpaka tumboni, mdomo unalaumu kompyuta. Kusema nimechoka. Someni.

1. Limita, yaani kizuizi cha kompyuta ya ndege, haina miujiza. Kwenye Cat I (swichi ya ndege isiyo na mzigo mzito) inazuia alfa, pembe kati ya bawa na upepo unaokuja, isipite digrii 25 hivi, ndiyo maana mnavuta bila woga. Lakini inazuia kwa kutumia mkia, na mkia unataka upepo. Panda wima hadi mwendo ufe, viringisha kidogo, uone: kipimo cha alfa kinaganda kwenye 32, pua inapanda na kushuka taratibu karibu na upeo, ndege inashuka kwa tumbo. Hapo kompyuta imeushika mkia na mkono wako haiusikii tena.

2. Achia joistiki, rudisha gesi. Isipopona yenyewe, shika MPO, swichi ya kuipokonya kompyuta mkia. Nimesema shika! Ukiiachia tu, kompyuta inakunyang'anya mkia. Kisha fuata pua: ikipanda vuta, ikishuka sukuma, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Ukikosea wakati unaizima bembea yenyewe.

3. Futi. Hapa mimi sina uso wa kumcheka mtu. Sheria nilikuwa nayo kichwani: hujapona kwenye futi 6,000 juu ya ardhi, ruka nje na kiti. Nikakariri 6,000, hiyo "juu ya ardhi" nikaiacha njiani. Altimeta inahesabu toka baharini, na Goma si Mombasa. Maji ya Kivu yako mita 1,460 hivi, karibu futi 4,800. Basi siku hiyo, chumba kimejaa, umeme upo, najisikia mwalimu, nikaiangusha ndege makusudi juu ya ziwa ili niwaonyeshe wenzenu. MPO nimeshika, bembea inakwenda vizuri, altimeta inasoma 8,000. Nikawaambia, "Tulieni, tuna elfu mbili kabla ya kuruka." Kumbe nilipaswa kuwa nimeshatoka tangu 10,800! Pua ikashuka kweli, nikafurahi, nikavuta kabla mwendo haujarudi, alfa ikapanda upya. Nikaingia majini nikiwa bado naeleza. Kimya. Halafu kadogo kamoja ka mtaa wa Himbi kakauliza kwa adabu zote, "Mukubwa, hizi elfu nne na kitu zilizobaki kwenye altimeta ni za nini?"

Kwa hiyo juu ya ziwa, ikifika 11,000 hujapona, toka. Upande wa kaskazini msifanyie mazoezi haya kabisa: Nyiragongo ina mita 3,470, yaani hiyo 11,000 yenu iko ndani ya mlima. Anzeni 25,000.

4. Ukibeba mabomu, swichi iwe Cat III, inayobana alfa zaidi. Basi.

5. "Joistiki ni kali mno." Sawa, hicho ni kisingizio chenye ukoo. Tarehe 20 Januari 1974 YF-16 ilikuwa inajaribiwa kukimbia tu barabarani, ikaanza kuyumba bawa hadi bawa kwa sababu udhibiti wa kuviringisha ulikuwa mkali kupita kiasi, na rubani Phil Oestricher akaona heri apae kuliko kuivunja. Fimbo ya ndege ile ilikuwa haisogei, inapima nguvu ya mkono tu. Baadaye wakaifanya isogee kidogo sana. Ya kwetu hapa inasogea pande zote, na ukali wake unapunguzwa kwenye mipangilio. Sasa mnaing'oa ya nini?