Nahodha hampi pasi straika, nimuondoe nani?

SWALI: Kocha shikamoo. Nafundisha timu ya ligi ya chini huku Kanda ya Ziwa, tumecheza mechi 11 tumeshinda 2, tunavuta mkia. Nahodha wangu ni kiungo, huu msimu wake wa sita hapa. Dirisha dogo uongozi ukaniletea straika aliyewahi kucheza Ligi Kuu. Mechi mbili nyuma tulipata penati, wakanyang'anyana mpira mbele ya mashabiki, straika akapiga akakosa, tukafungwa 1-0, kule chumba cha kubadilishia wakashikana mashati mpaka mtunza vifaa akaingia katikati. Tangu siku hiyo nahodha hampi pasi kabisa, na vijana wamegawanyika mpaka kwenye chakula, kundi hili na sinia lao na lile na lao. Nimewaita nikawapatanisha, wakapeana mikono, hola. Mwenyekiti anasema kuna watu wanauza mechi. Nimuondoe nani, au niwaondoe wote wawili?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana, hiyo hali nimeishi nayo misimu miwili nikiwa kocha msaidizi na naijua harufu yake. Nianze na hilo la mwisho maana najua ndo linakukosesha usingizi: wiki hii usimuondoe mtu. Na la kuwapatanisha achana nalo pia. Umewaita ofisini, umewaambia sisi ni familia, wamepeana mikono huku mmoja anaangalia dirishani, wametoka pale kila mtu anajua ni maigizo, alafu wewe ndo umepoteza maana sasa wameona silaha yako imeisha.

Hawahitaji kupendana hao. Andy Cole na Teddy Sheringham walikuwa hawaongei, na chanzo chenyewe ni cha miaka ya nyuma, Machi 1995 Cole anaingia kuichezea Uingereza mara ya kwanza dhidi ya Uruguay, anampokea Sheringham anayetoka, jamaa hakumpa mkono. Wakaja kukutana Manchester United, washambuliaji wawili wa timu moja, kimya, na 1999 timu ikabeba ligi, FA na Ligi ya Mabingwa msimu mmoja. Kuna Mjerumani mmoja, Hans Lenk, alikuwa kwenye boti ya wapiga makasia 8 iliyochukua dhahabu Olimpiki ya Roma 1960, baadaye akawa profesa wa falsafa, na akaandika wazi kwamba ndani ya timu zile kulikuwa na ugomvi na makundi na bado zilishinda. Watu wa saikolojia ya michezo ndo maana wanatenganisha vitu viwili, kupatana kikazi na kupatana kiurafiki. Wewe unachodai ni cha kwanza. Cha pili kikija chenyewe sawa.

Sasa kabla ya yote, una uhakika hampi pasi? Nakuuliza kwa sababu mi mwenyewe nilishawahi kuaibika. Tulikuwa na winga analalamika kila siku kwamba kiungo fulani anamnyima mpira, vijana wote wanasema hivyohivyo, na mimi nikaamini, nikamkaripia yule kiungo mbele za watu. Siku moja tukapata video ya simu, mtu kapiga kutoka juu ya ukuta wa uwanja, nikakaa na daftari nikahesabu. Nusu ya zile mara ambazo winga ananyoosha mikono analia "nipe! nipe!" amesimama nyuma kabisa ya beki, amefunikwa, hakuna njia ya mpira kupita, hata ungekuwa nani usingempa. Nusu nyingine kweli alikuwa wazi na hakupewa. Kwahiyo tatizo lilikuwa mawili na mimi nilitibu moja, tena vibaya.

Kwahiyo mechi ijayo mchukue kijana aliyeumia, yule anayekaa tu kwenye benchi anachat, mpe daftari na kalamu. Achore safu tatu: straika amepewa na nahodha, straika alikuwa wazi hakupewa, straika hakuwa wazi. Kila nahodha anaposhika mpira na kichwa kiko juu, mstari mmoja kwenye safu yake. Asihesabu zile anazoshika akiwa amebanwa amegeukia golini kwetu, hizo hazina maana. Dakika 90 tu utajua unaongea na mtu kuhusu roho mbaya au unaongea na mwingine kuhusu kujinasua kwa beki. Na daftari hilo usimwonyeshe mwenyekiti.

Twende kwenye penati, na hapa utanisamehe mwalimu. Umeandika wakanyang'anyana mpira. Hukuandika nani ulimteua apige. Mi nimesoma swali lako mara tatu natafuta hilo jina sijaliona, na nina wasiwasi hata ubaoni halikuwepo. Kama halikuwepo basi ule ugomvi ni wa kwako, wao wameucheza tu.

Usione haya, hata waliojaa pesa imewakuta. Septemba 2017 PSG wanacheza na Lyon, kwanza kwenye frikiki Dani Alves anamnyima Cavani mpira anampa Neymar, baadaye inakuja penati, Neymar anaitaka, Cavani anakataa, anapiga, kipa anaipangua inagonga mwamba. Mchezaji ghali kuliko wote duniani na mfungaji bora wa timu, wanabishana kama watoto wa chandimu, na kocha wao Unai Emery anabaki anaelezea waandishi kwamba watapeana zamu. Wale walishinda 2-0, tena mabao yote mawili Lyon walijifunga wenyewe, kwahiyo likapoa kidogo. Lakini halikufa. Januari 2018 wanamfunga Dijon 8-0, Cavani ameshafikisha bao la 156 amemfikia Ibrahimovic kwenye rekodi ya klabu, linabaki moja ampite, inapatikana penati, uwanja mzima unaimba jina lake, Neymar anachukua mpira anafunga bao lake la nne, anazomewa na mashabiki wake mwenyewe. Timu imeshinda nane! Sasa wewe unavuta mkia, fikiria.

Dawa yake ni ya bei rahisi kuliko zote nitakazokutajia leo. Ubaoni, kabla hawajavaa, andika penati namba 1 nani namba 2 nani, frikiki za kulia nani, za kushoto nani, kona nani. Kila mechi, hata ya kirafiki. Namba 1 yupo uwanjani, anapiga namba 1, akitaka kumwachia mwenzie aachie yeye mwenyewe kwa hiari, wewe usipige kelele kutoka pembeni. Anayeshika mpira ambao si wake anatoka hapohapo, awe nahodha awe nani. Kwa kumpata huyo namba 1, wapigishe mwisho wa mazoezi wakiwa wamechoka, penati tano tano kwa siku nne, hesabu, bandika matokeo. Hapo hakuna wa kulalamika kwamba umempendelea aliyetoka Ligi Kuu.

Alafu kuna kitu umekipitia juujuu mno: "uongozi ukaniletea". Hebu niambie, nahodha anadai posho za miezi mingapi? Na huyu mgeni alipewa shilingi ngapi ya usajili mkononi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, maana vijana wanajua mpaka senti, mambo ya hela kambini hayana siri. Mara nyingi mtu anayenyimwa pasi ni risiti tu, deni liko kwingine.

Kombe la Dunia 2014 Brazil lina mifano miwili ya Afrika. Cameroon waligoma kupanda ndege kwa sababu ya bonasi, wakafika wamechelewa, mechi ya pili kule Manaus wanapigwa 4-0 na Croatia, Alex Song kapewa nyekundu kwa kumpiga kiwiko Mandzukic, na mwisho wa mechi Assou-Ekotto anampiga kichwa Moukandjo, mwenzie wa timu moja, dunia nzima inaangalia. Ghana nao, hela za wachezaji zikasafirishwa kwa ndege, keshi, zaidi ya dola milioni 3, na siku ya mechi yao na Ureno Muntari na Boateng wakafukuzwa kambini. Wakafungwa 2-1 wakarudi nyumbani. Na hawa ndo walewale waliotoka sare 2-2 na Ujerumani siku chache nyuma, Ujerumani iliyokuja kubeba kombe. Mpira walikuwa nao.

Wewe huwezi kulipa madeni ya klabu, najua. Lakini unaweza kwenda kwa mwenyekiti na jambo moja: tarehe. Vijana wanavumilia kukosa hela, wanachoshindwa kuvumilia ni kuona mmoja kalipwa wengine wanaambiwa subirini. Na ukiwa hapohapo muombe asiwe anapokea simu ya mchezaji yeyote bila kukuambia. Mchezaji mwenye namba ya mwenyekiti ana kocha wawili, na utakaposema umemweka benchi atapiga.

Kuhusu "wanauza mechi", mwambie alete ushahidi au anyamaze, kwa heshima lakini. Kwetu timu ikifungwa mara tatu anatafutwa msaliti, ikifungwa ya nne inaundwa kamati ya ufundi, na wewe na mimi tunajua kamati ya ufundi inashughulika na nini usiku na haihusiani na ufundi. Ukilikubali neno hilo liingie kambini, kila pasi inayopotea itakuwa kesi.

Wameshikana mashati, hilo lazima lilipiwe. Adhabu iwe ndogo, ya haraka, sawa kwa wote wawili, na itoke kwako. Umeshachelewa wiki mbili lakini bora sasa. Angalia Newcastle, Aprili 2005, Bowyer na Dyer wanapigana uwanjani wenyewe kwa wenyewe, wote nyekundu, na tayari kuna mwenzao katolewa, timu inabaki watu 8, Aston Villa wanashinda 3-0. Kocha wao Souness jioni ileile akawaketisha wote wawili mbele ya waandishi, yeye katikati, wakaomba radhi. Sisemi ile ndo tiba kamili, ila hakuna aliyebaki anajiuliza kocha anasemaje.

Kinyume chake ni Ufaransa, Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini. Straika Anelka anamtukana kocha wake Domenech mapumziko ya mechi na Mexico, ndani, mbele ya wenzie. Kocha akamtoa asirudi kipindi cha pili, basi, likaishia pale. Siku mbili baadaye limejaa ukurasa wa mbele wa gazeti, na sasa ni shirikisho linalomfukuza, sio kocha. Wachezaji wakaacha kujadili tusi wakaanza kutafuta nani kavujisha, kesho yake wakagoma mazoezi, wakajifungia kwenye basi kule Knysna, na kocha mwenyewe akasimama kuwasomea waandishi barua ya wachezaji waliomgomea. Barua ya mgomo, anaisoma aliyegomewa! Walimaliza na pointi 1, wa mwisho kwenye kundi.

Aliyekuja baadaye, Laurent Blanc, mechi yake ya kwanza na Norway aliwaacha wote 23 wa kikosi kile. Hilo ndo lile swali lako la "niwaondoe wote". Alifungwa 2-1, lakini yeye alikuwa anachagua kutoka Ufaransa nzima na mechi ilikuwa ya kirafiki. Wewe una vijana wangapi kwenye basi, 20? Ukitoa kiungo anayechezesha na straika pekee unabaki na nini.

Basi wiki yako iwe hivi. Ongea nao mmoja mmoja, anza na nahodha, na sio ofisini, tembea naye mkiwa mnakusanya koni. Usimuulize ana tatizo gani na mwenzie, muulize Jumamosi kazi yake ni nini. Mtu wa misimu sita akiletewa jina kubwa anaogopa kitu kimoja, kwamba timu si yake tena, na hawezi kukwambia. Straika muulize hivyohivyo, ila yeye mwambie ukweli kwamba jina la Ligi Kuu halipigi penati.

Mazoezini wape zoezi ambalo kila mmoja anafaidika: straika anashuka, anapokea mgongo ukiwa golini, anamrudishia nahodha anayekuja mbio, nahodha anapiga. Rudia mpaka wachoke, alafu geuza, nahodha amtangulizie straika nyuma ya mabeki. Kwenye tano kwa tano waweke timu moja, wanaofungwa wanabeba magoli. Chakula usihutubie, mwambie tu mpishi sinia zinapangwa kwa namba za jezi, wanne wanne kuanzia 1. Kama nahodha anavaa 8 na straika 9, hawakai pamoja, sinia la pili na la tatu, siku za mwanzo hata ni nafuu.

Wape wote wawili mechi tatu, na daftari liendelee. Ile safu ya katikati, ya alikuwa wazi hakupewa, ikiwa bado imejaa baada ya hapo, nahodha anakaa benchi na kitambaa anavaa mwingine, na wewe una namba za kumwonyesha badala ya maneno. Ikijaa ile ya tatu, straika ndo anakaa.

Nitumie hizo safu baada ya mechi mbili za kwanza, zipige picha tu. Video usitume, bando langu halina ubavu huo.