Kabla Hujaulegeza Uzi wa Sita

Mara ya kwanza kulishusha gitaa langu la metali hadi noti ya C nilikuwa Umoja, Nairobi, chumba cha ghorofa ya nne, na nyuzi zilikuwa zile nyembamba za 9 kwa 42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) zilizokuja na gitaa. Nililegeza, nikalegeza, nikawasha distoshoni, ule mkwaruzo wa sauti ya metali, nikapiga. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, ulipepea kama kamba ya kuanikia nguo. Noti sikuisikia, nilisikia matatu iliyotoboka ekzosi. Nikailaumu ampu, kile kikuza sauti cha gitaa, na kwa miezi kadhaa nikawa natafuta pesa za kununua ampu nyingine.

Wewe unayeanza metali leo usipite njia hiyo. Ukilegeza uzi unashusha sauti, na papo hapo unaupokonya mkazo, tena mkazo hukimbia upesi kuliko sauti. Uzi wa sita katika mpangilio wa kawaida ni E, mitetemo kama 82 kwa sekunde. Ushushe toni moja hadi D, mitetemo 73, na karibu sehemu moja ya tano ya mkazo imekwenda. Ushushe toni mbili hadi C, mitetemo 65, umepoteza zaidi ya theluthi. Mkazo huo usipourudisha kwa njia nyingine, hakuna pedali itakayokuokoa.

Cha kuchekesha ni kwamba Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali Black Sabbath, aliutafuta ulegevu huohuo. Akiwa na miaka 17, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na kufikia 1971 bendi ilikuwa ikirekodi nyimbo zilizoshushwa toni moja na nusu. Nyuzi laini zilimpunguzia maumivu. Sisi tuliomfuata tunataka sauti ile ya chini lakini uzi uwe mgumu chini ya piki (kile kipande cha kupigia nyuzi), ili rifu za kasi, yaani vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, zisitapakae.

Anza na dropu D, na usione haya kukaa hapo hata mwaka mzima. Unashusha uzi wa sita peke yake, toni moja. Huna tyuna, kile kifaa cha kupimia noti? Piga uzi wa nne ukiwa wazi, kisha shusha wa sita mpaka zisikike noti ileile, mmoja chini na mwingine juu. Hakikisha kwa kubana wa sita kwenye freti ya 7 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo): lazima ilingane na uzi wa tano ukiwa wazi. Sasa nyuzi tatu za chini ni D, A, D, na kidole kimoja kikilala juu yake unapata kodi nzito (kodi ya gitaa, si ile ya serikali). Ukikitelezesha kidole hicho shingoni, rifu iliyokuwa ikihitaji vidole vitatu inatoka kwa kimoja. Siri ya dropu D ni hiyo kasi, kuliko hiyo toni moja uliyoshuka.

Sababu ya pili ni ya Nairobi yetu. Wapiga gitaa wengi wa metali ninaowajua wana gitaa moja na kazi mbili: Jumamosi usiku kelele, Jumapili asubuhi kanisani. Dropu D unairudisha kwa sekunde kumi. Ila uikumbuke! Jumapili moja, macho mazito, nilianza pambio kwa G kubwa, kidole kwenye freti ya 3 ya uzi wa sita kama kawaida, nayo ikatoka F. Noti zote za uzi ule huhamia freti mbili mbele, kwa hiyo G yangu ilikuwa inaningoja kwenye freti ya 5. Baada ya ibada mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama gitaa lina mafua.

Ukitaka kushuka zaidi, nenda dukani kwanza, funguo baadaye. Nyuzi za 10 kwa 46 zinatosha kwa mpangilio wa kawaida. Kwa dropu D tafuta seti ya 10 kwa 52: ule wa 52 ukiwa D una mkazo unaokaribia wa 46 ukiwa E. Kwa dropu C, yaani nyuzi zote zishuke toni moja na wa sita toni mbili, wa sita uwe 56 au 58, na wengine nao wanenepe kidogo. Maduka ya katikati ya jiji niliyozoea huwa na 9 na 10 tele, nene hazionekani kila wiki, kwa hiyo ukizikuta chukua seti mbili.

Uzi mnene nao una madai yake. Utakwama kwenye kile kipande chenye mifereji, pale shingo inapokutana na kichwa: unazungusha ufunguo, kimya, halafu unaruka kwa mlio. Unga wa risasi ya penseli kwenye mfereji husaidia. Ikibidi mfereji upanuliwe kwa tupa, mpelekee fundi. Ukizamisha mno hakuna kurudi. Shingo pia itasogea, kwa maana nyuzi ndizo zinazoivuta. Zikianza kuzomea kwenye freti, chuma cha ndani ya shingo kizungushwe robo tu, kisha usubiri uone.

Halafu kuna jambo ambalo wanagenzi hulikimbia, nami nililikimbia miaka miwili. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upate ule mlio wa kengele. Kisha ubane hapohapo upige. Noti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, kirudishe nyuma kile kidaraja cha uzi huo, kipande kinachoubeba kwenye mwili wa gitaa, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Bila hivyo utatuni nyuzi zikiwa wazi, tyuna itakubali, na kodi za katikati ya shingo zitaendelea kugombana. Gitaa lenye daraja linaloelea, lile linaloshikiliwa na springi, liache kwa sasa: ukilegeza uzi mmoja, zote tano zilizobaki zinahama.

Magitaa ya nyuzi saba, yenye B chini ya E, na ya nane ambayo bendi ya metali Meshuggah inajulikana nayo, yatakuja wakati wake. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane tangu zamani, na hakuna anayemkabidhi mtoto siku ya kwanza akitegemea miujiza.

Kwenye ampu, punguza geini, yaani kiasi cha distoshoni, kuliko unavyotamani, na punguza besi pia. Noti za chini zikijaa distoshoni hugeuka tope, na chini kule ni shamba la mpiga besi. Sikiliza albamu ya Duma, bendi ya watu wawili wa Nairobi, iliyotoka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala: uzito mwingi mle unatoka kwenye ngoma za mashine na kelele za umeme.

Unapotuni, panda kila mara kutoka chini; ukipitiliza, shuka tena halafu upande. Piga kwa nguvu utakayotumia jukwaani, kwa maana uzi mlegevu ukipigwa kwa hasira huanza juu kidogo ndipo utulie. Mkono wa kubana nao uwe mwepesi, la sivyo utaipotosha noti kwa kidole.

Na mpiga besi aambiwe mapema. Kwenye shoo yetu ya kwanza ya dropu D hatukumwambia wetu. Besi yake ilikuwa inaishia E, kwa hiyo wimbo mzima alitafuta D ambayo haikuwepo, mwisho akaangukia ile ya juu, freti ya 5 ya uzi wa tatu. Magitaa mawili yakanguruma, na chini yake pakawa patupu kabisa.