Siku ya kupima uzito ndiyo siku ya kuandaa familia

Juma lililopita muuguzi mmoja wa Bukavu aliniandikia akitaka kujua nilivyowazoesha akina mama wa kituo chetu hapa Goma kuzungumzia volkano wakati wamekuja kupimisha watoto. Swali hilo lilinifurahisha na kunichoma pia, kwa kuwa mkuu wangu wa zamani aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yetu ni kutibu, si kutia watu hofu.

Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Goma, ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia usiku huohuo, wengine Gisenyi, wengine Sake, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Nikiwa Sake nilimkuta mama mwenye mtoto wa kifafa ambaye degedege lilikuwa limemrudia. Nilipomwuliza mtoto anatumia dawa gani, alijibu, "Vile vidonge vyeupe, vya asubuhi na jioni." Faili la mtoto huyo lilikuwa limeandikwa vizuri mno, ila lilikuwa limefungiwa kabatini Goma. Na dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kuja lisikome.

Tangu hapo, mtoto akiwa bado kwenye mizani, ninamwuliza mama: mkikimbia usiku huu, huyu atabebwa na nani? Wengi hujibu upesi, "Mimi." Nikiwauliza kuhusu wale wawili waliobaki nyumbani, hunyamaza, kisha huanza kuwagawia bibi na dada mkubwa. Hapo ndipo ninapoandika nyuma ya kadi ya chanjo majina ya wazazi, simu ya ndugu anayeishi nje ya Goma, ugonjwa, dawa na kipimo chake, kisha ninamwomba aitunze ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenye kifafa, pumu au selimundu aombewe dawa ya akiba. Msisubiri waombe wenyewe.

Mengine husemwa kwa dakika chache. Mama anyonyeshe hata akiwa njiani, kwa sababu maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji ya ziwa yasiyotibiwa huweza kuleta kipindupindu. Mtoto akiharisha na pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, hazipo, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Wasilale mabondeni penye mazuku, yaani hewa ya sumu itokayo ardhini, maana hewa hiyo ni nzito na hutuama chini, kwenye kimo cha pua ya mtoto.

Wenzangu, msiniambie foleni ni ndefu. Foleni hiyohiyo ndiyo darasa, na mtu mwingine wa kuifundisha hayupo. Kipimo cha dawa nacho kiandikwe upya kila uzito unapobadilika. Kadi ya mwaka jana inaweza kumpa mtoto wa kilo 14 dawa ya mtoto wa kilo 10.