Msiulize wangapi, ulizeni nani anasaini

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama wanawake wana nafasi sawa na wanaume katika kazi ya uhusiano wa umma hapa Zanzibar. Swali limenigusa pabaya, maana kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Kwa kuhesabu vichwa, mbona tupo. Ingieni ofisi yoyote ya habari na uhusiano, ya wizara au ya shirika, mtatukuta. Rais wa Muungano tuliyenaye tangu 2021, Samia Suluhu Hassan, ni mama wa kwao Kizimkazi, hapa Unguja, na mwaka 2022 ukurugenzi wa mawasiliano ya Rais, Ikulu, alipewa mwanamke, Zuhura Yunus. Kwa hiyo mie nasema jinsia si tatizo. Tatizo ni rangi na asili. Hoteli za pwani ya mashariki wote tunajua zinavyopangwa: Mzungu juu, Mkenya au mtu wa Bara katikati, mwenyeji getini anawaambia wageni "jambo". Na msichana wa mapokezi akiwa mweupe kidogo ndiyo bora zaidi, ingawa hilo hutaambiwa kwa mdomo.

Nitatoa mfano. Nilikuwa msaidizi wa uhusiano katika hoteli moja ya upande huo, jina nalihifadhi. Mkuu wangu alikuwa mama wa Kitaliano, na msemaji wetu kijana wa kiume kutoka Dar, suti wakati wote, hata Ramadhani mchana jua kali. Bamvua moja wageni wetu wanaoteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara wakapita juu ya mashamba ya mwani. Kamba zikakatika, mwani ukachukuliwa na maji. Mwani upande ule umelimwa kwa biashara tangu 1989, na wakulima ni wanawake karibu wote. Kesho yake asubuhi wakaja getini, wamebeba kamba zilizokatika, sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, yuko nyuma yao.

Hoteli iliwapangia viti ukumbini, na maji ya chupa. Wakakataa kuingia, wakasema miguu yao ina matope. Wakakaa chini ya mti wa mkungu. Msemaji akatoka na kipaza sauti, akasoma tamko: uongozi unathamini sana uhusiano wake na jamii inayouzunguka. Kabla hajafika mwisho bibi mmoja akainuka, akakung'uta kanga yake, akaenda zake.

Ndipo nikaambiwa, "Nenda wewe, kakae nao." Nikavua viatu nikakaa. Swali la kwanza: "Wewe mtoto wa nani?" Nikawaambia mie wa Wete. "Mpemba! Na kwenu mwani wanalipwaje kilo?" Nikawaambia mama yangu mdogo analima, na anavyomlaani mnunuzi kila mwezi. Wakacheka. Tukaongea bei, tukaongea magoti na macho yanavyouma kwa maji ya chumvi, na waume wanaotaka kujua pesa zimekwenda wapi. Kamba zilikuja mwisho kabisa, na shauri lilikuwa jepesi mno. Hawakutaka ufukwe ufungwe. Walitaka tiara zisitoke tangu maji yanapoanza kutoka mpaka wao wapande juu, na hoteli inunue kamba mpya. Basi.

Makubaliano yakaandikwa. Akasaini mkurugenzi, akasaini sheha, na shahidi akawa yule kijana wa Dar. Kwenye picha mie nipo pembeni, nimeshika jalada. Yule bibi wa kanga, ambaye alikwisharudi, akauliza kwa sauti: "Na huyu mtoto tuliyekaa naye mbona hasaini?" Watu wakacheka, picha zikaendelea. Baadaye nikaombwa nipigwe picha ya kipeperushi cha hoteli, eti nina sura ya kienyeji.

Nimeanza barua hii nikitaka kusema jinsia haina uzito, na mfano wangu mwenyewe umenigeuka. Angekaa pale mwanamme, hata mzaliwa wa kijiji kile kile, habari ya magoti na ya waume angeisikia? Asingeisikia. Na yule Mtaliano, ambaye nilimchukia sana, ndiye aliyesema mwanzo kabisa kwamba kina mama waulizwe kabla ya kuandikiwa tamko. Mwenye mali akamjibu ashughulikie maua ya ukumbini. Weupe wake haukumsaidia. Chuoni tulisomeshwa Edward Bernays wa New York kuwa ndiye baba wa fani hii. Doris Fleischman, mkewe tangu 1922 na mshirika wake katika kazi hiyo hiyo, sikumsikia darasani, na kampuni ilijulikana kwa jina la mume.

Basi jibu langu, kwa kuwa mnataka jibu: wanawake watengewe nafasi, na ziwe zile za kusaini. Nasema hivi mie ambaye viti vya upendeleo sivipendi, na rafiki zangu watanishangaa. Lakini asiletwe mwanamke wa mjini asiyeweza kukaa chini ya mkungu, maana huyo simwoni tofauti na kijana wa suti. Wa Bara akiweza kukaa, mie sina ugomvi naye. Na hoteli itakayompa cheo kisha imwambie avue mtandio mbele ya wageni, cheo hicho ibaki nacho.

Msomaji, Unguja